Mtoto akisema "sinywi tena dawa", neno la mwisho ni la nani?

#1 Mleta uzi

Habari za jioni wakuu. Uzi huu ni mrefu. Naomba mwenye nafasi ausome wote kabla ya kujibu, maana hili jambo nimelibeba kwa miezi mingi.

Mimi ni muuguzi. Kwa miaka kadhaa nipo kwenye kliniki ya tiba na matunzo, ile ambayo wengi mnaijua kwa jina la CTC. Jumamosi tunapokea vijana peke yao, wale waliozaliwa na VVU ambao sasa wanabalehe, wengine wameshaota ndevu. Sitataja mkoa wala kituo, na mambo ya binti nitakayemsimulia nimeyageuza kiasi kwamba hata ndugu zake wakisoma hapa hawatamtambua.

Ana miaka 14, kidato cha pili, shule ya bweni. Mama yake alifariki yeye akiwa bado hajaanza shule, akalelewa na shangazi. Alianza na ile dawa ya maji, chungu, ambayo watoto wengi walikuwa wakiitapika kwenye kanga ya mama. Baadaye vidonge viwili asubuhi na jioni, na sasa ni kidonge kimoja kwa siku. Nyumbani aliambiwa ni dawa ya kifua. Shangazi hakufanya kwa ubaya. Alikuwa akisubiri "akue kidogo", na kila mwaka huo ukuaji ulikuwa bado.

Kipimo cha wingi wa virusi kikapanda ghafla. Tukarudia baada ya miezi mitatu, kikapanda zaidi. Shangazi akaapa kwamba dawa zinabebwa kila muhula. Tulipomwita binti peke yake alikaa kimya muda mrefu sana, akiuvuta uzi wa pindo la sketi, kisha akasema, "Nimeacha tangu muhula uliopita. Sinywi tena. Msinilazimishe."

Kikaitwa kikao. Daktari, mshauri nasaha, mimi, shangazi, na baba mdogo aliyesafiri usiku kucha kuja. Baba mdogo alisema mtoto hana uamuzi, anywe mbele ya matroni kila siku, akigoma achapwe. Mwenzetu mmoja akasema hapana, zama hizi mtoto ana haki zake, huwezi kumtia mtu dawa mdomoni kama mbuzi. Wakabishana karibu saa nzima. Binti mwenyewe alikuwa kwenye benchi la nje, mlango haukufungwa vizuri, anasikia kila neno.

Nilitoka kumpelekea maji. Akaniuliza kwa sauti ya chini, "Wanabishana kama naruhusiwa kukataa. Mimi nilikubali lini?"

Wakuu, nilikosa jibu. Miaka yote ile ya kunywa dawa hakuna aliyewahi kumuuliza. Hakuna aliyemwambia hata anakunywa nini. Na kumbe alikuwa anajua. Aliliona jina la dawa kwenye kopo, akalitafuta kwenye simu ya mwenzake wakati wa likizo, akajua peke yake, usiku, bila mtu wa kumshika mkono. Mwaka mzima akarudi kliniki na kutuitikia "ndiyo, dawa ya kifua" kwa sababu alidhani sisi ndio hatujui kwamba yeye anajua, na hakutaka kumuumiza shangazi.

Mwaka 2011 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo kwamba mtoto wa umri wa kwenda shule aambiwe hali yake, hatua kwa hatua, kadiri anavyoelewa. Sisi watoa huduma tunaufahamu. Tunaahirisha kwa sababu mzazi analia, foleni ni ndefu, na huyo mtoto mbele yako anacheka na hujisikii kumharibia siku. Hilo ni kosa letu na nalikiri.

Sasa nirudi kwenye swali. Tunapojadili kama mtoto akatae tiba ya kuokoa maisha, mawazo yanakimbilia upasuaji na damu. Damu hutundikwa usiku mmoja. Hakimu anaweza kuamuru, daktari akatundika, kesho yake mtoto yuko hai na hasira zake. Lakini hakuna hakimu duniani anayeweza kuamuru kidonge cha kila usiku, baada ya prepo, bwenini, kwa mtoto aliyekwisha kujifunza kukificha chini ya ulimi. Huyu uwezo wa kukataa anao tayari. Anao tangu siku alipobeba tranka lake mwenyewe kwenda shule.

Msimamo wangu ni huu. Pale ambapo tiba ina nafasi kubwa ya kumwokoa, mtoto asiachiwe afe kwa neno lake. Nasema hivyo waziwazi, nimefunga macho ya watoto na sitaki kuficha. Lakini mtu mzima hana haki ya kupuuza "hapana" ya mtoto ambaye hajawahi kuombwa "ndiyo". Aliyedanganywa hajakataa tiba, amekataa uongo.

Naomba maoni. Wanasheria, wazazi, na zaidi ya wote nyinyi mliokuwa wagonjwa mkiwa wadogo.

#2

Dada yangu muuguzi, pole kwa kazi. Lakini mimi sikubaliani na hayo ya kuomba ndiyo. Mwanangu ana seli mundu, ana miaka tisa. Kila akiona chupa ya damu anaanza kupiga kelele hadi wodi nzima inageuka, maana mishipa yake imechoka, wanatafuta mkononi, wanahamia mguuni. Anasema "mama niache tu". Ningemsikiliza ningekuwa nimeshamzika mara tatu. Usiku ule wa Machi alikuwa mweupe midomo yote. Ningeanza kumwelezea haki zake saa ngapi? Nilimlalia juu nikamshika mikono, akachomwa. Mtoto ni wa kuokolewa kwanza, kuelewa kutakuja.

#3

Mkuu #2 nakuelewa, ila mtoto wa miaka tisa anayelia kwa sindano na kijana wa 16 anayekaa na kusema sitaki ni watu wawili tofauti. Tusiwaweke kwenye kapu moja.

#4 (mwanasheria)

Mleta uzi, shikamoo kama umenizidi umri. Nichangie upande wa sheria, maana watu wanasema "haki za mtoto" bila kujua zilivyoandikwa.

Kwa Tanzania, Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inasema mtoto ni aliye chini ya miaka 18. Kifungu cha 4 kinaweka maslahi bora ya mtoto mbele. Kifungu cha 11 kinampa mtoto anayeweza kuwa na maoni yake haki ya kuyatoa, kusikilizwa, na kushiriki katika maamuzi yanayogusa ustawi wake. Kushiriki. Hakikusema kuamua. Kwa hiyo yule binti kukalishwa nje kwenye benchi, kisheria, ndilo lilikuwa tatizo la kwanza la kikao chenu.

Halafu umri wetu hauna msimamo. Mwaka 2019 Bunge lilirekebisha sheria ya UKIMWI ya 2008, umri wa kupima VVU bila ridhaa ya mzazi ukashuka kutoka 18 hadi 15. Mwaka huohuo Mahakama ya Rufani ilikuwa bado inashughulika na Sheria ya Ndoa ya 1971 iliyoruhusu binti wa miaka 15 aolewe kwa ridhaa ya wazazi, ile kesi ya Rebeca Gyumi ya kuipinga sheria hiyo, aliyoshinda Mahakama Kuu 2016 na serikali ikakata rufaa ikashindwa. Yaani binti huyohuyo sheria moja ilimwona amekomaa kuwa mke, nyingine ikamwona amekomaa kupima damu yake, na akifika mapokezi ya hospitali anaambiwa alete mzazi wa kumsainia.

Uingereza walipitia haya kabla yetu na walijikwaa vibaya. Mwaka 1985 Mabwana wa Bunge lao, waliokuwa ndiyo mahakama ya juu, waliamua katika kesi ya Gillick kwamba mtoto chini ya miaka 16 mwenye uelewa wa kutosha anaweza kuridhia tiba mwenyewe. Kesi ilihusu ushauri wa uzazi wa mpango, mama mmoja hakutaka binti zake wapewe bila yeye kujua, akashindwa. Wengi wakadhani basi, anayeweza kukubali anaweza pia kukataa. Lakini mwaka 1992 Mahakama ya Rufani ilipopelekewa kesi ya binti wa miaka 16 aliyekuwa akijinyima chakula kwa ugonjwa, ikasema mahakama inaweza kuipita hapana yake. Ndiyo yake inatosha, hapana yake haitoshi. Huo ndio msimamo uliobaki.

Na kuna kesi moja ya kule nisiyoisahau tangu chuoni. Mwaka 1990, kijana wa miaka 15 anayekaribia 16, Shahidi wa Yehova, ana saratani ya damu, yeye na wazazi wanakataa kuongezwa damu kwa sababu ya imani yao. Jaji Ward alikwenda kumwona mwenyewe hospitali. Akamkuta ana akili nyingi, ila akasema hajaelewa namna atakavyokufa, kukosa pumzi, hofu, familia ikimwangalia. Akaamuru atiwe damu. Kijana akaishi. Alipofika miaka 18 ugonjwa ukarudi, akakataa damu tena, safari hii hakuna wa kumzuia, akafariki.

Watu huisoma kwa njia mbili. Wengine wanasema jaji alimpotezea bure. Wengine, nikiwemo mimi, tunasema alimpa miaka ya kukua na kuthibitisha kwamba lile lilikuwa neno lake mwenyewe.

Kanada nao, 2009, Mahakama ya Juu kabisa ya nchi iliamua kesi ya binti wa jimbo la Manitoba, naye Shahidi wa Yehova, aliyetiwa damu kwa nguvu akiwa na miaka 14 kwa sababu utumbo ulikuwa unavuja damu. Madaktari watatu wa akili walikuwa wamemhoji kabla na kukuta anaelewa. Majaji sita kwa mmoja waliiacha isimame sheria ya jimbo inayoruhusu mahakama kuamuru tiba kwa aliye chini ya miaka 16, lakini wakasema kadiri mtoto anavyokomaa ndivyo maoni yake yanavyozidi kuwa na uzito katika kupima maslahi yake, na jaji lazima aupime ukomavu huo kwa kweli. Huu ndio uamuzi ningependa mahakama zetu ziusome.

#5

Sikuwa na nia ya kuandika. Nimesoma hadi hapa nikaona ninyamaze nitakuwa nimemsaliti ndugu yangu.

Mdogo wangu alikuwa na miaka 16. Goti lilianza kuvimba, tukadhani mpira. Akachuliwa. Ikaja kujulikana ni saratani ya mfupa. Daktari akasema dripu za saratani, halafu mguu ukatwe juu ya goti, na akasema nafasi ya kupona ipo kama tutawahi. Mdogo wangu akasema, "Sikatwi." Mara moja tu, hakurudia. Alikuwa anacheza namba 7 timu ya shule, kila mtu pale mtaani alimjua kwa miguu yake.

Baba akasema kama mwenyewe amekataa hatuwezi kumkata kama kuni. Mama akataka akatwe hata akiwa amefungwa kamba. Baba akashinda. Tukaenda kwenye maombi, tukaenda kwa mtu wa miti shamba mpakani, tukarudi hospitali baada ya miezi saba ameshaanza kukohoa. Mapafu. Akafa mwezi wa Ramadhani, mchana, nimemshika mimi.

Nilichokuja kukijua baadaye ndicho kinachonitesa. Siku mbili kabla hajafa aliniuliza kama yule kaka wa stendi anayetembea na mguu wa bandia alikatwa kwa ajali au kwa ugonjwa. Nikamwambia ajali. Akasema, "Anatembea vizuri eeh." Hakuna mtu, si daktari, si baba, si mimi, aliyemwonyesha mguu wa bandia siku ile alipokataa. Hakuna aliyemleta yule kaka wodini wakaongea dakika kumi. Tulichukua neno la mtoto aliyeshtuka tukaliita uamuzi, kwa sababu na sisi tuliogopa kukata.

Ningetaka alazimishwe. Nasema hivyo leo. Lakini zaidi ningetaka aonyeshwe.

#6

#5 pole sana ndugu yangu. Mungu amrehemu.

#7

Poleni. Mimi ni Shahidi wa Yehova, nimelelewa humo, na kesi mbili alizotaja mwanasheria zinatugusa. Naomba kusema kwa heshima. Mnadhani watoto wetu wanasema maneno ya wazazi. Mimi nikiwa na miaka 15 nilikuwa nabeba kadi yangu ya kukataa damu na nilijua maana yake. Kwangu kutiwa damu kwa nguvu kungekuwa ni kuvamiwa. Mwili unaweza kupona, lakini kuna kitu kitakuwa kimevunjwa ambacho daktari hakioni. Yule kijana wa Uingereza aliishi miaka ile akijua alichofanyiwa. Mkisema "alipewa muda" mnasema nyinyi. Yeye hakusema hivyo. Na siku hizi kuna madaktari wanaopasua bila damu, wanajitahidi, kwa hiyo kabla ya kwenda mahakamani mtuulize kwanza kama kuna njia nyingine.

#8

Nko Kilifi. Heshima kwako #7, sikufananishi na mtu. Lakini sisi huku tulifukua Shakahola mwaka 2023. Zaidi ya miili 400, na wengi walikuwa watoto. Walikuwa wanaambiwa na mhubiri wao wafunge hadi kufa wakamwone Yesu. Ukimuuliza mtoto wa hapo angekwambia anataka kufunga, kwa sauti yake mwenyewe, na angekuwa anaamini. Katiba yetu ya Kenya kifungu cha 53 inasema maslahi ya mtoto ndiyo ya kwanza katika kila jambo linalomhusu, na mimi tangu siku ile siwezi kusikia mtoto akisema "nataka kufa kwa imani" nikaamini ni yeye anayeongea. Labda ni yeye. Lakini nitamzuia kwanza halafu nijue baadaye.

Mleta uzi, sasa huyo msichana ako wapi?

#9 Mleta uzi

Asanteni nyote. #5, nimesoma maneno yako mara nyingi, na Jumatatu nimeyapeleka kazini bila kutaja popote yalipotoka. Tumekubaliana kwamba kijana akikataa jambo kubwa, kabla ya kikao chochote cha wakubwa, atafutwe mtu aliyepita njia hiyohiyo, akae naye bila daktari.

#2, mama, ulichofanya usiku ule ni sahihi na mimi ningekusaidia kumshika. Mtoto mweupe midomo hahojiwi. Ila ana miaka tisa, na haidroksiurea, ile dawa ya kila siku ya seli mundu, atakuja kuimeza mwenyewe akiwa shule, wewe hupo. Anza kumweleza sasa, siku anapokuwa mzima. Mwonyeshe picha ya zile seli zilizopinda, mwache aulize. Usisubiri usiku mwingine wa Machi.

#7, umenifikirisha na sitajifanya nina jibu la kukuridhisha. Ningekuwa zamu usiku ambao unahitaji damu, na wewe una miaka 15, ningetaka damu itundikwe. Ningejua pia kwamba nakukosea kitu, na nisingekuja asubuhi kukuambia unishukuru. Mnapata shida kutuamini kwa sababu tukishawaokoa tunajifanya hakuna kilichotokea.

Kuna jambo sikulisema mwanzo, na #8 amenikumbusha. Mwaka 2011 nilikuwa ndiyo kwanza naanza kazi, wakati wa kikombe cha Babu kule Samunge, Loliondo, yule mchungaji mstaafu aliyedai dawa yake ya miti inaponya hata UKIMWI. Shilingi 500 kikombe, magari yamepanga foleni kilomita na kilomita. Wazazi walikuja wakaturudishia makopo ya dawa, yao na ya watoto. Nakumbuka mvulana mmoja mdogo aliyekuwa akimwuliza mama yake, "Kesho sinywi? Na keshokutwa?" kwa furaha kabisa. Miezi michache baadaye alirudi na kifua kikuu. Pale hakuna aliyesema mtoto amekataa tiba. Watu wazima walimkatalia wao, na hakuna aliyeitisha kikao. Ndiyo maana siwezi kumwonea binti huyu kwa kuwa kaacha vidonge miezi minne, wakati nimeona wazazi wakiacha vya watoto wao kwa siku moja na kijiji kizima kikashangilia.

Na kuna upande mwingine ambao hatujaugusa. Yupo kijana ambaye tiba imeshashindwa mara mbili, anatolewa tena nyumbani kwenda dripu ya tatu ambayo hata daktari mwenyewe haangalii usoni anapoitaja. Huyo akisema "nipelekeni nyumbani", mimi namsikiliza hata kama ana miaka 13. Anajua mwili wake kuliko karatasi zetu. Apewe mofini ya maji, alale kwake, bibi yake amkande miguu. Kumlazimisha huyo kunatutuliza sisi, yeye hakumsaidii kitu.

#8 umeuliza binti yuko wapi. Kikao kile tulikivunja. Shangazi aliingia kwenye chumba cha ushauri akamwambia ukweli wote, mama yake alikufa kwa nini, yeye alidanganya kwa nini. Walilia hadi tukachelewesha wagonjwa wengine. Binti hakusema atakunywa. Alisema, "Nitafikiria." Baba mdogo alikasirika sana, kwamba tumempa mtoto nafasi ya kufikiria kitu kisichotaka kufikiriwa. Nilikuwa na hofu kuliko yeye. Wiki tatu zile nilikuwa naamka usiku.

Akarudi Jumamosi ya nne. Alikuwa na masharti, na aliyaandika kwenye karatasi ya daftari. Kopo linalia kila akifungua tranka, wenzake wanauliza, kwa hiyo dawa tumtolee kwenye kimfuko. Muda usiwe saa tatu usiku watu wakitoka prepo, uwe alfajiri kabla ya usafi. Matroni asijue, ila mwalimu mmoja aliyemtaja yeye mwenyewe ajue. Na yeye ndiye asomewe majibu kwanza. Yote yaliwezekana. Ningependa mjue hilo, kwamba yote manne yaliwezekana, na hayakugharimu kitu.

Wingi wa virusi umeshuka. Haujafika tunapotaka, tutapima tena mwishoni mwa mwaka. Kuna siku anaruka, ananiambia ameruka. Mara ya mwisho walikuja pamoja na shangazi, nikawaita wote wawili kama kawaida. Binti akamwambia, "Shangazi, nisubiri hapo benchini, nitakuita." Akaingia peke yake, akafunga mlango, akakaa, akanipa kadi.